Moshi wa Mishomoroni

"Tisa! Tisa, unanipata?"

Sauti ilitoka chini ya kiti cha dereva, ndani ya Suzuki nyeupe iliyoegeshwa mchangani. Idarus Boga aliacha kupaka samaki tui, akapangusa mikono kwenye kikoi, akaichomoa redio ya Motorola.

"Tisa hapa, nakupata."

Alikuwa likizoni. Siku ya kwanza katika miezi minne. Justus, mkuu wake wa ujasusi kule Changamwe, aliyajua hayo vizuri. Hangemwita kwa mchezo.

"Tumemnasa mtu wa Vosloo," Justus alisema. "Ametapika yote. Boti inaingia hori ya Tudor leo saa kumi na moja jioni. Kilo arobaini za baruti. Wanataka kulipua matangi ya mafuta."

Vosloo. Mamluki aliyewaua wenzake Idarus wawili mwaka juzi, 1986.

"Wanashukia wapi?"

"Hilo ndilo hatulijui. Wana mtu wao nchi kavu. Atawasha moto ukingoni mwa mikoko, kisha atautia makumbi ya nazi yaliyolowa. Moshi mweupe. Wakiuona, wanakuja moja kwa moja."

Idarus aligeuka polepole.

Changu wawili walikuwa juu ya makaa, ngozi zinaanza kubabuka. Sufuria ya tui na ukwaju ilikuwa inatokota juu ya mafiga. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sahani mbili, asumini aliyoitawanya kwa mkono wake mwenyewe.

Na kando ya mkeka, gunia la makumbi yaliyolowa.

Tima ndiye aliyelileta. Tima ndiye aliyeichagua pwani hii ya Mishomoroni. "Leo nipikie wewe, mume wangu," alimwambia asubuhi, akimshika kidevu. "Kwa kuni. Mimi na wewe tu."

Miezi minane ya ndoa.

"Tisa, bado upo?"

"Nipo. Moto wenyewe nauona."

"Nani kauwasha?"

"Mimi."

"Uko wapi?"

"Mishomoroni, nyuma ya mikoko."

"Kikosi kitafika baada ya dakika ishirini."

Saa ya Seiko mkononi ilisema saa kumi na dakika hamsini.

Alifungua kisanduku cha dashibodi, akaitoa bastola yake, Beretta. Nyepesi. Akaichomoa magazini ya risasi.

Tupu.

Asubuhi aliijaza mwenyewe. Hapo ndipo palipomchoma. Moshi mtu anaweza kulazimishwa kuufukiza. Lakini risasi zile zilikuwa zimetolewa moja moja, na vidole vile vile vya hina alivyovibusu, pengine yeye akiwa anakuna nazi.

Tima alirudi kutoka majini na bilauri mbili alizoziosha. Jua la alasiri lilimpiga usoni. Alikuwa mzuri kama siku ya harusi.

"Mbona umesimama hivyo? Moto umezidi, samaki wataungua. Ngoja nitie makumbi."

"Risasi zangu umeziweka wapi, Tima?"

Bilauri moja ilimponyoka.

"Nimezitupa majini," alisema.

Hakukana. Idarus alikuwa ametamani akane.

"Walisema watakufunga kamba tu," Tima aliendelea. "Vosloo kaniahidi pasi, nitoke nchi hii, niishi kama watu. Na wewe uliniambia nini? Karani wa forodha! Miezi minane, wallahi, nalala na mtu nisiyemjua. Nani alianza uongo baina yetu?"

Lilikuwa neno la kweli, na kwa kuwa ni la kweli lilimwuma zaidi.

"Mimi nilikuficha kazi yangu," alisema mwishowe. "Wewe umenichimbia kaburi."

Akalibeba gunia, akalimwaga lote motoni.

Moshi ulipanda mzito, mweupe, ukapita juu ya mikoko.

"Wafanya nini?" Tima aliuliza.

"Nawakaribisha wageni wako. Kaa mkekani."

Hazikupita dakika tano. Injini mbili za Yamaha zilinguruma horini, zikapunguzwa, boti ikapanda mchanga. Wanaume wawili. Mmoja alibaki na masanduku. Mwingine, Vosloo mwenyewe, aliruka chini, mrefu, uso mwekundu kwa jua, bunduki ya Uzi ikining'inia begani.

Idarus alikuwa amechutama mbele ya mafiga, kofia ya kiua kichwani, anakoroga.

"Huyu ndiye bwana yako?" Vosloo alimwuliza Tima.

Tima alimtazama mumewe. Angeweza kupiga kelele; hakupiga. Kwa sababu gani, Idarus hakujua, na hakuwa na nafasi ya kujua.

Vosloo alimgeukia mwenzake kwenye boti. "Wote wawili," alisema, na mkono ukaifuata Uzi.

Tima alimaka.

Idarus alishika sufuria kwa ncha za kikoi, akairusha.

Tui linalochemka lilimpata Vosloo usoni. Alinguruma, akajishika macho. Teke moja la goti, pigo moja la kiwiko shingoni, akaanguka kifudifudi. Uzi ilikuwa mikononi mwa Idarus kabla mchanga haujatulia.

Akaielekeza kwenye injini za boti. Tratatata!

Injini za Yamaha zilikohoa, zikazimika. Yule wa botini aliinua mikono bila ya kuambiwa.

Land Rover mbili ziliwasili zikitimua vumbi. Askari walimtia Vosloo pingu, wakayashusha masanduku ya baruti kwa tahadhari. Mmoja wao, sajini Odhiambo, alimsimamisha Tima kando na kufungua daftari.

"Afande, jina lake?"

"Tima."

"Niandike mke wa nani?"

Tima aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Alingoja.

Idarus alikung'uta majivu kwenye kikoi, akamkabidhi sajini ile Uzi.

"Andika binti Abdillahi," alisema. "Inatosha."

Akaichukua njia ya kwenda Mjambere, kwa miguu, bila haraka. Nyuma yake aliitwa kwa jina, mara moja, kisha mara ya pili.

Hakugeuka.