Mikono Mitupu Kwenye Picha

Siku yenyewe ilikuwa ya kufua, jua linawaka, saa nane mchana, kwa hiyo asije mtu akaniambia nilikuwa naota. Nepi zote zilikuwa kambani, soksi moja ya mwanangu imelowekwa kwenye beseni maana ilikataa kutakata, nyingine anayo mguuni. Mwanangu ana miezi minane, tunamwita Tonge kwa ajili ya yale mashavu. Asubuhi ile nilimpiga picha kwa tableti akicheka, imetoka safi, unywele unahesabika. Ikumbukeni hiyo picha.

Kazi yangu ni kusafisha picha. Watu wananiletea za zamani, nazipiga upya kwa tableti, naziingiza kwenye programu, naondoa madoa, halafu naongeza ukali. Kuna kiduara unakiburuza kwa kidole kutoka sifuri hadi mia, na kadiri unavyoburuza ndivyo kope zinavyojitenga na nyuzi za nguo zinavyoonekana. Fundi aliyenifundisha alikuwa na onyo moja tu: usipite sitini. Ukali ukizidi, mtu anaota uzi mweupe pembezoni, anakuwa kama amekatwa kwa mkasi akabandikwa.

Basi mama mkwe akaja na picha ya marehemu mdogo wake, ndiyo pekee iliyobaki. Mwanamke amekaa kwenye kiti, uso ukungu mtupu, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyepakata kitu. Hakuna alichopakata.

"Hiyo tableti yako inaweza kumfufua mdogo wangu?" akauliza, anacheka.

"Kumfufua siwezi, mama. Kumwosha uso naweza."

"Kumwosha kunatosha."

Nikacheka na mimi. Sikujua nacheka nini.

Tonge alikuwa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, anaimba zile nyimbo zake zisizo na maneno. Nikaburuza hadi ishirini. Pua ikaja, kisha mdomo. Mama mkwe akasogeza kiti. Nilipofika thelathini na tano Tonge akanyamaza, nikasema afadhali, usingizi umempitia, acha nimalize kazi ya mkwe nisije nikaitwa mvivu.

"Ongeza kidogo, mwanangu," mama mkwe akanong'ona. "Mikono bado."

Mikono. Miaka yote hii, kila anayeniletea picha anaulizia macho kwanza.

Nikaongeza. Hamsini. Kwenye ile mikono kukawa na kivuli, kivuli kikawa kichwa, kichwa kikaota mashavu. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mtoto. Mguu mmoja una soksi. Mwingine hauna.

Nikatazama mkekani.

Tonge alikuwa macho. Alikuwa amefungua mdomo analia, sauti haitoki, na uso wake, naapa, uso wa mwanangu nilikuwa siuoni vizuri. Nikafikicha macho. Mkeka niliuona hadi mshono. Beseni nililiona hadi povu. Mwanangu ndiye alikuwa ukungu.

Nikarudisha kiduara sifuri. Kikapanda chenyewe. Hamsini na tano.

"Mwache amchukue," mama mkwe akanong'ona. Hakuwa anamtazama Tonge hata kidogo, alikuwa anatazama kioo cha tableti. "Alikufa hajaitwa mama na mtu. Wewe bado kijana, utazaa mwingine."

Jamani. Mimi tangu niolewe sijawahi kumjibu yule mama, akisema chumvi imezidi nasema nisamehe, akisema haijakolea nasema nisamehe vilevile. Siku ile nikamjibu.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mama. Na mzazi ni mimi."

Nikabonyeza kufuta picha. Haikufutika. Sitini. Yule mwanamke sasa alikuwa na kope. Nikajiambia wewe umesoma, tumia akili, kama ukali umetoka huku ukaenda kule, basi njia ipo, na njia haiendi upande mmoja. Nikafungua ile picha ya asubuhi. Imefifia, limebaki doa la mashavu tu. Nikaweka kidole, nikaburuza. Kiduara kilikuwa kizito kama kabati, nikikisukuma kinanirudisha, nami nasema humpati, humpati, tafuta wako hukohuko uliko, huyu nimembeba mimi miezi tisa. Hamsini. Sitini. Nikapita. Themanini. Ncha ya kidole ikaungua. Sikuitoa.

Mia.

Tonge akalia. Kelele ile, majirani walidhani ameungua maji. Mimi sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Kwenye tableti mwanamke alikuwa amerudi ukungu, mikono mitupu. Mama mkwe akachukua picha yake mezani, akaondoka bila kuaga. Ile soksi ya mguuni sijaiona hadi leo.

Baba Tonge anasema mama yake ni mtu mzima, nimwombe radhi yaishe. Aseme. Ufunguo wa mlango ninao mimi, na mama yake hapa haingii. Na kazi yangu siiachi, nasafisha picha kama kawaida, mtoto nimempakata.

Ila kuna kitu. Tonge akikaa mbele ya ukuta, pembezoni mwake kuna mstari mweupe, mwembamba, unaanzia sikioni unashuka begani hadi kiwikoni. Nimemwogesha, hautoki. Nikimvalisha nguo, unakuja juu ya nguo. Jana jirani alimtazama muda mrefu akicheza na wanawe, akanisogelea, akaninong'oneza.

"Shoga, mbona huyu wako kama amebandikwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimembandika mimi. Aje wa kumbandua."