Neno la Siri Ukutani

Haya nimesimuliwa na binti yangu wa kwanza Jumapili iliyopita, tukikunja nguo. Alicheka mpaka akakalia zile nilizokwisha kukunja.

Binti yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka lake. Mumewe huchora mabango. Sisi tunamwita Rangi, maana hata masikio yake yana rangi.

Mwaka jana mwizi aliingia mchana kweupe, akabeba cherehani moja. Ndipo wakanunua kamera. Kisha binti yao, mjukuu wangu, akajifungua, mbali, safari ya siku nzima. Mama yake alitamani sana kwenda kumwogesha mtoto, ila moyo ulisita.

"Nikiondoka, nani ataangalia vitambaa vya watu? Wewe ukishika brashi, hata nyumba ikibebwa huoni!"

"Utaangalia mwenyewe kwa simu, mama watoto."

Wakamwita jirani yao, mama fundi wa kamera. Aliunganisha kamera na intaneti ya nyumbani, akaweka programu kwenye simu ya binti yangu.

"Neno la siri la kiwandani linajulikana na wengi," alisema. "Wekeni lenu. Msilisahau."

Wakaweka. Picha ikatokea, safi kabisa.

Siku mbili baadaye kinyozi wa jirani alifuata suruali yake.

"Dada, jana ulicheza! Wewe na lile sanamu la kuvalishia nguo, mkazunguka chumba kizima!"

"Umeniona wapi? Pazia lilifungwa!"

Kinyozi akaonyesha ukuta. Rangi, asije akasahau, alikuwa amechora namba ya kamera na neno la siri. Herufi nyekundu, zenye kivuli cha dhahabu. Kinyozi alikuwa amezinakili siku alipoleta suruali.

"Nilikuwa natania tu, dada. Nisamehe."

"Siendi tena!" binti yangu alisema. "Kama kinyozi ananiona, mwizi naye atajua lini hakuna mtu."

Mama fundi alipouona ukuta, alishika mbavu kwa kicheko.

"Shemeji, umeitangaza siri kwa rangi mbili!"

"Lakini herufi zimenyooka," Rangi alijitetea.

"Zimenyooka, ndiyo. Zifute."

Kisha akawaeleza taratibu. Wakaweka neno jipya, refu, lisilo jina la mtoto wala namba ya simu. Akaiondoa simu ya kinyozi kwenye kamera. Rangi akapewa akaunti yake mwenyewe.

"Sasa simu ngeni ikijaribu kuingia, namba ya uthibitisho itakuja kwako kwanza, dada. Usimtajie mtu, hata akijiita fundi. Hata akijiita mimi!"

Rangi akapaka ukuta chokaa. Binti yangu akafunga safari.

Siku ya nne, mchana, alikuwa amempakata mtoto. Simu ikalia: kamera imeona kitu. Akafungua. Paka wa jirani alikuwa juu ya meza ya kukatia, na mlango wazi. Rangi alikuwa pembeni, anachora.

"Baba watoto! Paka! Mlango!" alinong'ona kwenye simu.

Kule dukani sauti ikatokea kwenye kamera. Rangi akaruka, brashi ikampitia puani. Akamtoa paka, akavuta komeo, akaipungia kamera mkono.

Mtoto alikuwa amelala. Mama yake pia. Binti yangu akatazama komeo mara moja tena, akaweka simu chini ya mto, akalala.