Jiwe Lisilo na Jasho

Lile basi lilianza kwa adabu, na hapo ndipo mtu angetakiwa kukimbia. Mimi nimekaa Yandie Bore, mji mdogo wa jangwani Australia, miaka ishirini na mitatu, vumbi lake jekundu limenipaka mpaka ndani ya masikio, na hakuna mtu wa kunisahihisha katika habari hii.

Jumatatu asubuhi Shangazi Myrtle alipanda basi lisilo na dereva, peke yake, akaketi mbele na kufunga mkanda. Sauti laini ya kike ikasema: "Abiria wa nyuma, tafadhali funga mkanda."

Shangazi akageuka. Viti vitupu. Ila kile cha mwisho kilikuwa kimebonyea, na maji yalidondoka ukingoni mwake, to, to, to. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi tisa.

Hakupiga kelele. Figo zake zilikuwa zimekufa, na basi hilo ndilo lililomtoa makazini kwao nje ya mji mara tatu kwa wiki na kumpeleka mjini kusafishwa damu. Bila basi angehamishiwa Perth, kilomita elfu moja na mia tano, kwenye chumba chenye dirisha la kutazama ukuta. Dada yake alikwenda hivyo. Alirudi ndani ya sanduku.

Lakini mjini nani alilipenda? Walilivika koni ya barabarani kama kofia. Waliwekeana dau litaua nani kwanza. Noeline wa baa alikuwa akitema mate kila likipita. "Kitu kisichokwenda chooni," alisema, "kitanibebaje mimi?" Na Clarrie, mpwa wa Shangazi, aliyeendesha basi la zamani miaka kumi na moja kabla ya kupokonywa usukani, alilipiga pai ya nyama kwenye kioo, na mchuzi moto ukatiririka chini. Watu wakampigia makofi.

Jumatano ikaja harufu. Ilikuwa ya samaki aliyeoza ndani ya soksi. Trent, fundi wa kampuni yenye basi, kijana mwenye fulana ya rangi ya chungwa, aliliosha mara mbili kwa dawa, na mara ya pili akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe. Alikuwa ameingiza mkono chini ya kiti cha mwisho kutafuta panya mfu, akavuta, na kilichokuja kilikuwa ute wa kijani, mrefu, wenye nywele na magamba na ngozi za vyura zilizovuliwa kama glavu, akavuta tena na ukazidi kuja, vuguvugu, ukipumua polepole kiganjani mwake, mpaka alipohisi kwamba huko mwisho kuna kitu kinachouvuta kwa upande wa pili.

"Shangazi," alinong'ona Ijumaa asubuhi, uso mweupe kama unga, "leo jioni halmashauri inapiga kura kama basi libaki. Wakilinusa tu, limekwisha. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha wewe. Niitie Clarrie."

Clarrie akaja, mikono mfukoni.

"Ulipokuwa dereva," Shangazi akamwuliza, "pale kivukoni penye bwawa ulikuwa unafanya nini?"

"Si unajua, Shangazi. Nashuka, naokota jiwe, nalipaka jasho la kwapa, nalitupa bwawani. Natutaja majina, maji yatujue."

"Na hili basi nani amelitaja?"

Clarrie akageuka aende zake.

"Sema, we paka mnyonge!"

"Nililitaja mimi," akasema, sauti ikizama. "Nililisugua jiwe kwenye tairi lake. Nikayaambia maji hili halina mtu, halina ukoo, ni ganda tupu. Anayetaka achukue."

Trent akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye.

"Mjinga wee," Shangazi akasema taratibu. "Umempangisha nyumba mwenye bwawa, yule akaaye majini, na ndani umeniweka mimi."

Wakapanda wote watatu, vitambaa puani. Kivukoni Trent alilisimamisha basi. Clarrie akaingia majini mpaka kiunoni, akatupa jiwe lenye jasho lake, akalia, akayarudisha maneno yake. Jiwe likaelea. Narudia: likaelea, kama kinyesi, likarudi taratibu mpaka kwenye tumbo lake. Na ndani ya basi kitu kikapiga mbweu.

Shangazi akamshusha Trent, akawaacha wote wawili nje. Akaenda nyuma akishika kiti kimoja baada ya kingine, akaketi kwenye ule ute, ukampanda mapajani, na akaongea kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza mtoto mwenye homa. Kisha Clarrie, akichungulia mlangoni, akasikia asiyopaswa kuyasikia: "Chuma hakina joto, mwenzangu. Hapa hapakufai. Njoo pa moto."

Akachota ute kwa kiganja, akaupitisha kwapani, akaunywa. Wote. Clarrie aliona koo lake likivimba, likipokea, likivimba tena, na uzi wa nywele ukining'inia mdomoni mpaka alipoufyonza.

Harufu ikakatika. Viti vikakauka vikipasuka kama ngozi juani.

Jioni ile halmashauri walilinusa mpaka magurudumu, wakakosa sababu, basi likabaki. Hata Noeline, aliyekuja kutazama, alipiga chafya tu. Lakini hiyo ni jioni. Saa tano asubuhi Shangazi alikuwa kitandani kliniki, na nesi Imelda, Mfilipino mwenye mikono myepesi, alikuwa amemchoma sindano na kuwasha mashine ya kusafisha damu. Damu ikapanda kwenye mrija, nyekundu, nzuri. Kisha ndani yake kikaja kitu chembamba cha kijani, kikifuata damu, na kilipofika kwenye mlango wa mashine kikasimama. Kikageuka. Kikaanza kuogelea kurudi.

Imelda akapiga yowe, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Usizime, binti," Shangazi akasema, akijifuta mdomo. "Anaiogopa mashine. Mpe muda azoee. Jumatatu nitakuja naye tena."