Chupa Iliyoganda

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, Pa Houa Lor aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akasema kwa sauti ndogo, "Dada Ardis, zimekufa."

Ardis Knutson, naibu mkuu wa maabara hiyo ya Saint Paul, aliinama akatazama mwenyewe. Seli shina za ubongo wa panya, ambazo zikipata chakula cha kuzifaa hugawanyika bila kuchoka, zilikuwa zimenywea kama zabibu kavu. Hizo ndizo zilizolishwa asidi ya oleiki, ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, ambayo Pa Houa alidai huzistawisha. Sahani za jirani zilikuwa zimepewa asidi ya palmitiki, ambayo alidai huziua. Huko seli zilinenepa, zikigawanyika kama zimealikwa harusini.

Kila kitu kilikuwa kinyume. Na Ijumaa kamati ingekaa kuamua kama utafiti wa Pa Houa uendelee, au ufungwe naye afungashe vitu vyake.

Profesa Lowell Engebretson, mkuu wao, alipopewa habari alisugua kidevu. Alisema labda binti alichanganya, labda wazo lenyewe ni bovu, basi wangojee Ijumaa. Kisha akatoka upesi kuliko kawaida yake. Ardis aliliona hilo akaliweka moyoni. Akaomba kimya, kama alivyozoea kabla ya kazi ngumu: Bwana, nionyeshe kilichopo, si ninachokitaka.

Seli zililishwa Jumatatu, kwa hiyo alianza na Jumatatu. Vidole vya wote vilimwelekea Dale Bouchard, mtafiti mwenzao, aliyekuwa akigombea na Pa Houa rafu za kabati la joto la kukuzia seli tangu Krismasi.

"Mimi?" Dale alicheka. "Dada, ningetaka kumwangamiza yule ningemfichia kahawa tu."

"Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Ziwani, juu ya barafu, nimekalia ndoo nikiwabembeleza samaki. Nilirudi mchana. Muulize shemeji yangu, ndiye aliyenicheka."

Shemeji alipopigiwa simu alithibitisha, akatuma na picha: Dale alfajiri hiyo, pua nyekundu kama nyanya, ameshika kisamaki cha kutia huruma. Ardis alimwomba radhi. Dale akasema radhi ataipokea ikiambatana na keki.

Akabaki Pa Houa mwenyewe. Ardis alimkalisha, akamtaka asimulie polepole. Binti alieleza kuwa Jumatatu alipofika alikuta chupa zake mbili za mafuta, zile zilizochanganywa na spiriti, zimo ndani ya beseni la maji ya moto. Zote zilikuwa zimeshayeyuka, angavu kama maji. Alidhani Ardis ndiye aliyemtangulia, akamshukuru kimoyomoyo. Akachanganya mafuta na protini, akalisha seli, akarudisha chupa kwenye friji.

"Mimi Jumatatu nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi," Ardis alisema. "Beseni lilikuwa na joto gani?"

"Nyuzi sabini. Liliniunguza kidole, nikalishusha hadi hamsini na tano, kama tunavyofanya mimi na Dale."

Ardis alikwenda kwenye friji. Chupa yenye lebo ya palmitiki ilikuwa bado angavu. Ile ya oleiki ilikuwa nyeupe, imeganda kama mafuta ya nguruwe kwenye kikaango kilicholala bila kuoshwa. Na lebo zote mbili zilikuwa zimekunjamana pembeni, kama karatasi iliyolowa ikabandikwa tena.

"Njoo utazame," alimwita, naye anatabasamu. "Kwenye spiriti, ipi huganda kwa baridi?"

"Palmitiki," Pa Houa alijibu. Kisha akashika mdomo.

Alhamisi Ardis aliingia ofisini kwa Profesa, akaziweka chupa mezani.

"Profesa, hapa kwetu ni nani huyeyusha mafuta kwa sabini?"

Mzee alizitazama chupa. "Watu wa zamani."

"Mimi na wewe uliyenifundisha. Na mimi sikuwepo."

Lowell Engebretson alikuwa mtu wa kumwondolea jirani theluji mlangoni kabla hakujapambazuka, kisha akimbie asishukuriwe. Nusu ya mtaa wao ndivyo walivyo. Fadhila ikionekana huwa kama majivuno.

"Niliikuta chupa ya palmitiki imeganda," alisema. "Nikaona nimsaidie mtoto kabla hajafika, nikazitia zote mbili majini. Lebo zikabanduka, zikaelea kama bata. Zikiwa na moto chupa zinafanana, Ardis. Nikabahatisha."

"Na hukusema."

"Jumatatu niliona haya. Mimi ndiye ninayewafokea watu kuhusu lebo. Jana nilipoelewa, niliogopa."

"Ungemwacha afukuzwe?"

Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Kesho nitasema mwenyewe," alisema mwishowe.

Ijumaa, kabla Pa Houa hajafungua kinywa, Profesa alisimama mbele ya kamati akaeleza yote, masikio yamemwiva. Akasema jaribio litarudiwa mbele ya mashahidi, lakini seli zimeshatoa ushuhuda wao: palmitiki ndiyo iliyoua, oleiki ndiyo iliyozistawisha, sawasawa na madai ya binti huyu. Kamati ilicheka, ikampa Pa Houa mwaka mwingine. Ardis akainamisha kichwa, akashukuru.

Nje, kwenye korido, Profesa alimwomba Pa Houa msamaha. Akauliza kama kuna lolote anaweza kumfanyia.

"Lipo," Pa Houa alisema, akimshika mkono. "Siku nyingine ukitaka kunisaidia, Profesa, nisaidie nikiwepo."