Nywele Chini ya Pedali

Haya yalimpata rafiki yetu mpiga besi, tunayemwita Kobe kwa kuwa haonekani bila mzigo mgongoni. Mzigo ulipomchosha mgongo, aliunda kibao kidogo cha kubandikia pedali zake, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, kwa utepe wa kunata wenye vijino. Pedali moja ilikuwa ya mtumba. Alipoigeuza, utepe wake ulikuwa umefumbata nywele ndefu, zenye mafuta na uvundo wa mto wa mgonjwa.

“Mwenyewe alikuwa anaikanyaga au anailalia?” dada yake aliuliza, ameziba pua.

Kobe alizinyofoa kwa koleo, akasugua kwa spiriti mpaka haukubaki hata unywele mmoja, akaibandika pedali kibaoni.

Jioni, akijiandaa jukwaani kabla watu hawajaingia, umeme ulikatika. Spika zikanyamaza. Gizani, chini ya kiatu chake, kitu kilianza kukwaruza taratibu, kama kitana kinachopita kwenye nywele.

Taa ziliporudi, aliivuta pedali. Iligoma. Alipoing'oa kwa mikono miwili, nywele zilikuwa zimerudi chini yake, zimelowa, zina joto la mwili, na safari hii zilikuwa zimesukwa.