Tanuri la Meli ya Lualaba

Firmin, mlinzi tunayepanga naye hapa ugenini, mtaa wa Malvern, hawezi kubuni hadithi. Kichwa hicho hana. Stoo anayolinda ina tanuri la meli ya moshi iliyokuwa ikipeleka vyuma vya kujengea reli huko kwao, mtoni Lualaba. Tajiri wake amelinunua achomee nyama.

Mchana mmoja umeme ulikatika, stoo ikawa giza. Firmin alikuwa hajalala tangu jana, miguu imemvimba. Akasikia kitu kinagonga huko ndani, akampigia mkewe simu.

"Panya hao," Arlène akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida. "Au mwizi. Akiiba, kazi huna, Papa Exaucé. Nenda ukaone."

Akaenda akipapasa ukuta. Mlio ulitoka ndani ya tanuri, chuma kwa chuma, polepole. Babu yake aliyepakia kuni kwenye meli kama hizo alimfundisha: mchochea moto akigonga mlango, kuni zimemwishia, usimuulize kitu, mpe.

Kwa uchovu tu, Firmin akaokota mguu wa kiti kibovu, akafungua mlango, akauingiza. Kabla hajauachia, ukapokelewa. Vidole vilivyogusa vyake vilikuwa vya moto, na vilitetemeka kama vya mtu ambaye hajawahi kupumzishwa.