Marahaba ya Nyuma ya Kiti

Mtu akiamkiwa huitikia mwenyewe; hata mlevi analijua hilo. Lakini asubuhi ile, nyumbani kwa Wilbroad kule Chemchem, Tabora mjini, binti yake Josepha alisema, "Shikamoo baba," na "marahaba" ikaja kabla baba hajameza kiazi chake. Ilitoka nyuma ya kiti, sauti nzito ya mzee.

"Redio hiyo," alisema Wilbroad. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana.

Wilbroad alikuwa mjukuu wa mtemi, na aliutaka ubunge. Serikali iliufuta utemi zamani, ila jina halifutiki, naye alilitia kila mahali kama chumvi. Kampeni alikuwa ameifungulia, jana yake tu, kwenye mahame, pale yalipobaki magofu ya babu zake, akapaza sauti: "Nirudisheni ikulu!" Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia.

Tangu siku hiyo, vijana wakimwamkia mikutanoni, ile sauti iliwahi kuitikia. Watu wakasifu kwamba mgombea ana sauti ya kitemi. Yeye, masikini, akafurahi.

Mkewe, Levina, hakufurahi hata kidogo. Sebule ilinuka ngozi mbichi na samli, na sauti ya mumewe ikawa inapungua, hadi mezani akaomba chumvi kwa kunong'ona. Akamwita shangazi wa mumewe, Tekla, aliyetunza matambiko ya ukoo na misa hakosi.

"Ulisema nini pale mahame?" Tekla aliuliza polepole, macho yakiwa kwenye kile kiti.

"Nirudisheni ikulu, Shangazi. Nilimaanisha serikalini."

"Wewe ndiyo. Wale watemi waliozikwa pale kwa ngozi mbichi na samli wanaijua ikulu moja tu, nyumba ya mtemi. Umeomba kurudishwa, na walio ndani wamekusikia. Mmoja amekuja kukuchukua."

Levina alimshika mumewe mkono. "Baba Josepha, achana na ubunge. Mimi nakutaka wewe."

"Ukaseme palepale," Tekla alisema, "kwamba wewe si mtemi. Na ukiitwa kwa jina hilo, ole wako uitike."

Walikwenda mchana, jua likiwaka. Wilbroad alisimama kati ya magofu, akaanza kwa sauti yake ndogo, "Mimi si..." Lakini gari lake lilikuwa limeonekana, na watu wakaja mbio kutoka mashambani, kina mama wakitandika khanga chini apite, wazee wakivua kofia, wote wakiita Mtemi, Mtemi, na harufu ya samli ikapanda kutoka ardhini mpaka Levina akaziba pua, na Tekla akamvuta mpwa wake shati akimwambia nyamaza, nyamaza mwanangu, naye Wilbroad akawatazama wale watu wote waliomtaka, akatabasamu, akainua mkono.

"Naam!" akaitika.

Tekla aliachia shati. Alilia njia nzima hadi Tabora.

Ubunge aliupata, tena kwa kishindo. Asubuhi baada ya matokeo alikaa kitini mwake, mgongo umenyooka, chai hakuigusa.

"Shikamoo baba," alisema Josepha.

"Marahaba," alijibu, kwa sauti nzito ya mzee, na safari hii midomo yake ndiyo iliyocheza.

Kisha nyuma ya kiti, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka kisimani, wakaisikia sauti ndogo wanayoijua.

"Mama Josepha," ilisema. "Niitikieni."